Kufua au kuvua?

"Nilimwambia afue shati, akavua, akakaa kifua wazi ananitazama. Daktari, huyu mtoto ananitania."

Mama huyo alitoka Ujiji na barua ya mwalimu: mtoto hasikilizi, akili yake haiko darasani. Mtoto mwenyewe, wa darasa la tatu, alinipa shikamoo yake vizuri, akakaa, akatulia. Neno "hasikilizi" nalisoma kwenye barua nyingi hapa Kigoma, na chini yake huja watoto wasiofanana kabisa.

Kazi yangu ni kupima usikivu, kwa hiyo naanza na sikio hata kama barua inazungumzia akili. Sauti ya f ni dhaifu na iko juu. Usikivu ukipungua kidogo tu, hiyo ni kati ya zinazotangulia kupotea. Nta iliyojaa, usaha, au maji yaliyoganda nyuma ya ngoma ya sikio yanatosha kumfanya mtoto aonekane mkaidi. Maji hayo mara nyingi hayaumi, halafu leo anasikia, kesho hasikii, ndiyo maana nyumbani wanasema anajifanya. Huyu kijana ngoma zake zilikuwa safi na vipimo vikatoka vizuri, desibeli 15 kila sikio. (Nilisimama mara mbili kupisha pikipiki. Chumba chetu hakizuii kelele.)

Sikio zima, basi. Zikabaki njia mbili zinazochanganywa sana. Kuna tatizo la umakini, lile linaloandikwa ADHD: mtoto hawezi kushikilia fikra zake mahali pamoja, au hatulii, au yote mawili. Na kuna tatizo la uchakataji wa sauti, APD: sikio linapokea, ila ubongo unashindwa kuichambua sauti, hasa penye kelele, mtu akisema haraka, au maneno yakikaribiana. Paka na baka. Toa na doa. Fua na vua. Jozi hizi hata ukimtazama msemaji mdomoni hazikusaidii, meno na mdomo vinakaa vilevile.

Nilimwomba mama aniletee madaftari. Sifahamu kifaa cha bei nafuu kinachoshinda daftari la imla likiwekwa kando ya daftari la kunakili. Kunakili ni kazi ya kuchosha, ya kimya, ya macho. Huyu alikuwa amenakili kurasa nzima kwa mwandiko uliotulia, hakuna mstari ulioachwa. Imla yake ilikuwa mashimo matupu: maneno nusu, "bata" badala ya "pata", sentensi zinazokatika katikati. Mama akakumbuka jambo jingine: mvua ikipiga mabati ya darasa, mtoto huchungulia daftari la jirani, na ameshachapwa kwa kuangalizia. Maskini, alikuwa anatafuta kwa macho kile ambacho masikio hayakumfikishia. Angechanganya r na l tu nisingeshtuka; hapo ni Kiha, lugha ya nyumbani, kinaongea, na huo si ugonjwa.

Mlinganishe na binti mmoja niliyempima mwezi huohuo. Kunakili kwake kulianza vizuri, mstari wa tatu ukaishia kwenye ua alilolichora, ukurasa uliofuata haukuwa na kitu. Ndoo anaisahau bombani. Anajibu swali kabla hujalimaliza, na mara nyingi jibu ni sahihi, maana yake alisikia. Kimya hakikumsaidia. Yeye nilimpeleka kwa daktari, ambaye kwa mwongozo wa DSM-5, kitabu cha Marekani cha kutambua matatizo ya akili, cha mwaka 2013, ataangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana zaidi ya sehemu moja. Sharti hilo la mwisho nalipenda. Mtoto anayesumbua darasani tu, pengine darasa ndilo lenye tatizo.

Mzazi huniambia, "Lakini anakaa na kitu akipendacho saa mbili nzima!" Hiyo haimwondolei ADHD. Mtoto wa namna hiyo akikipenda kitu hukigandamia. Uliza anachofanya na kitu kinachomchosha.

Kijana wa fua na vua nilimvalisha hedifoni, nikampa namba mbili sikio la kulia na mbili sikio la kushoto kwa wakati mmoja, azitaje zote nne. Mbinu hii mwanasaikolojia Doreen Kimura aliiandikia tangu 1961, na Kiswahili kinaifaa ajabu: moja hadi tisa, zote zina silabi mbili. Za kulia alizitaja karibu zote, za kushoto zikamponyoka. Hilo nalo likaelekea kwenye APD. Chini ya miaka 7 siufanyi mchezo huu, matokeo yanayumba mno.

Niwe mkweli, wenzangu wanabishana. Utafiti wa Uingereza wa 2010, wa watoto 1,469 wenye miaka 6 hadi 11, ulihitimisha kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa APD ni tatizo la umakini. Mimi nakubali nusu. Mtoto mmoja anaweza kubeba yote mawili, ndiyo maana nayatazama madaftari kabla sijampa jina.

Na wapo wasio na lolote kati ya haya. Mmoja wa Kibirizi, kwa wavuvi, alikuwa anasinzia na kupotea darasani, kisha siku kadhaa kila mwezi anakuwa mwanafunzi mzuri. Ilikuwa mbalamwezi: mitumbwi ya dagaa haitoki, hivyo hakuna wa kumwamsha alfajiri akapokee mzigo. Mwingine hukodoa macho sekunde kama kumi, ukimgusa bega hashtuki, kisha anaendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Huyo mpeleke hospitali haraka, yaweza kuwa aina ya kifafa.

Yule wa Ujiji amehamishiwa dawati la mbele, mbali na dirisha, na mwalimu anaandika maagizo ubaoni. Nyumbani mama humgusa kwanza, asimtume kwa kupaza sauti kutoka jikoni, halafu anamwambia arudie alichotumwa. Juzi nilimuuliza maendeleo. Bado anachanganya, akasema, ila siku hizi anasimama mlangoni na shati mkononi: "Mama, kufua au kuvua?"