"Ni Mzaha Tu": Dhana Potofu Kuhusu Tusi la "Shoga" Shuleni

Nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wavulana nchini Kenya. Tusi linalorushwa kuliko yote si la mama, ni "shoga". Anarushiwa aliyekosa penalti, anayekunja nguo zake vizuri, hata anayekataa kuruka ua usiku. Nikilizusha jambo hili katika chumba cha walimu, majibu huwa yale yale.

Dhana: Ni mzaha wa vijana, utaisha wenyewe.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye sauti nyororo, aliyeghani mashairi hadi darasa likatulia tuli. Siku moja mtu wa nyuma alipiga mluzi, akalitamka neno hilo. Darasa likaangua kicheko, nami, nakiri, nikatabasamu. Wiki iliyofuata alisoma kwa sauti nzito ya kulazimisha, kama anayeigiza babu. Muhula wa pili hakuinua mkono tena. Muhula wa tatu, kila kipindi cha ushairi kilimkuta zahanati: kichwa kinauma. Hakuna aliyempiga hata kofi. Ripoti ya UNESCO ya 2016 kuhusu ukatili wa aina hii shuleni ilitaja dalili hizo hizo: utoro, alama kushuka, sonona, hata fikra za kujiua.

Dhana: Linamchoma shoga peke yake.

Kwani yeye si mtoto wa mtu? Yumo darasani, na hulisikia hata linaporushiwa mwingine. Ila halichagui. Mnamo Aprili 2009, huko Springfield, Massachusetts, Marekani, Carl Joseph Walker-Hoover alijiua akiwa na miaka 11 baada ya kuandamwa kwa maneno kama hayo. Hakuwa amejitambulisha kuwa shoga.

Dhana: Sheria yenyewe inaukataza ushoga, basi tusi halina kosa.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu vitendo. Hakimpi yeyote ruhusa ya kumtesa mwenzake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hakiulizi mtoto anampenda nani.

Dhana: Mwalimu akilikemea, anaeneza ushoga.

Nikikemea tusi la kikabila, huwa nimembadilisha nani kabila?

Dhana: Neno hili ni tusi tangu jadi.

Hapa ndipo ninapokereka kama mwalimu wa lugha. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike, yule wa kusukana nywele na kutunziana siri. "Shoga yangu" ni neno la mapenzi, na hadi leo linasikika Mombasa na Unguja. Siku ya wazazi, mama mmoja kutoka Kisauni, Mombasa, alimwona matroni wetu ng'ambo ya uwanja, akampungia leso: "Shoga! Za tangu juzi?" Wavulana waliokuwa karibu walikatika mbavu. Mama aligeuka huku na huku, akitafuta kilichowachekesha. Mwanawe alikuwa ameinama, akifunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari.