Chuma cha Disko Si Kimondo

Juma lililopita niliwekewa tena mezani, ndani ya mfuko wa rambo, jiwe jeusi zito linalonasa sumaku. Aliyelileta hakuuliza ni jiwe gani. Aliniarifu kuwa ni kimondo, kisha akauliza bei. Nadhani Kimondo cha Mbozi kimetuzoesha vibaya. Nilipokataa, akanikumbusha yule Msweden aliyeokota vimondo ufukweni Greenland, na hapo subira iliniishia, kwa kuwa chuma hicho, cha kisiwa cha Disko huko Greenland, ndicho ninachokifanyia kazi.

Ni kweli kwamba mwaka 1870 Adolf Erik Nordenskiöld alikuta mapande ya chuma yametapakaa Uivfaq, kusini mwa kisiwa cha Disko, kubwa kuliko yote likiwa na tani zipatazo 22, naye akayaita vimondo. Simlaumu. Mwaka 1818 mpelelezi Mwingereza John Ross alikuwa amekutana karibu na Cape York, kaskazini-magharibi mwa Greenland, na Wainughuit, Wainuit wa huko, wenye visu vya chuma, na chuma hicho kilitokana na kimondo halisi, ambacho Mmarekani Robert Peary alikuja kubeba pande lake la tani 31 mwaka 1897.

Aliyetegua kitendawili ni K. J. V. Steenstrup wa Denmark, aliyeuangalia mwamba badala ya kuyashangaa mapande. Aliona chembe za chuma zimo ndani ya basalti yenyewe, yaani mwamba mweusi wa volkano. Baadaye, katika kaburi la Wainuit, alipata zana za chuma pamoja na basalti yenye chembe hizo. Wenyeji, basi, walikijua chanzo kabla ya maprofesa.

Sasa nifike kwenye nikeli, metali ambayo ndiyo inayonichosha. Kila mtu amesikia kwamba chuma chenye nikeli kimetoka angani, na kipimo kikionyesha nikeli, mjadala hufungwa. Chuma cha Disko kina nikeli, tena kina kobalti, metali nyingine ya aina hiyo. Miaka milioni 60 hivi iliyopita, magma ya basalti, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipanda kupitia matabaka yenye makaa ya mawe na matope yaliyojaa mabaki ya viumbe, na kaboni ikaipokonya oksijeni, ikaacha chuma tupu, kama inavyotokea katika tanuru la mhunzi. Nikeli huachana na oksijeni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo ingekuwa ajabu kama isingekuwamo. Swali la maana ni kiasi: kimondo cha Cape York kina takriban asilimia 8, ilhali chuma cha Disko kwa kawaida kina kidogo zaidi, na mapande yake makubwa yana kaboni nyingi kuliko tunayoizoea katika vimondo vya chuma. Nikeli bila kaboni, na bila mwamba ilimotoka, ni nusu ya ushahidi.

Nakiri kwamba liko jambo linalonisumbua. Chembe ndogo kama punje za mtama zilikusanyikaje hadi zikawa pande la tani 22? Husemwa kwamba zilizama kwa uzito wake, nami naelekea kukubali, ila magma inayopoa huwa nzito kama uji uliolala, na bado sijaona hesabu ya kuniridhisha. Mengi ya mapande hayo, isitoshe, yalipata kutu na kumeguka yakiwa ndani ya makumbusho, jambo ambalo halitusaidii.

Lile la mfuko wa rambo lilikuwa mavi ya chuma.