Saratani ya utumbo mpana: mazoezi gani hukinga, na tunakosea wapi

"Nakata tumbo kila asubuhi, kwa hiyo utumbo wangu uko salama."

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi. Ugonjwa uko tumboni, basi mtu analala chali na kuinua kiwiliwili mara hamsini. Misuli inayouma kesho yake ni ya ukuta wa nje tu. Utumbo wenyewe hufikiwa kupitia damu. Msuli ukifanya kazi hunyonya sukari iliyomo kwenye damu, na kongosho halilazimiki kumwaga insulini nyingi, ile homoni inayoshusha sukari. Insulini ikikaa juu kwa miaka, huchochea seli za utando wa utumbo kugawanyika. Sasa jiulize ni misuli ipi mikubwa kuliko yote mwilini: ni ya mapaja na makalio, ile inayobeba mtu anapotembea.

"Bila jimu au kukimbia, unajisumbua bure."

Mwaka 1984 watafiti wa Los Angeles walilinganisha wanaume kwa aina ya kazi zao. Wenye kazi za kukaa walikuwa na hatari ya saratani ya koloni, yaani sehemu kubwa ya utumbo mpana kabla ya puru, angalau mara 1.6 ya wenye kazi za kujituma mwili. Hapo hakuna aliyeulizwa habari za jimu. Kulima, kubeba, kupanda ngazi, vyote vinahesabika.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kukaza misuli siku mbili au zaidi. Wastani maana yake ni mwendo wa mtu anayewahi basi la mwisho: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Ushahidi mwingi uko upande wa kutembea haraka, kukimbia na baiskeli. Kuinua vyuma kumechunguzwa kidogo zaidi, ila msuli unaoujenga ni mlaji mzuri wa sukari, kwa hiyo usiuache.

"Mimi ni mwembamba, hayanihusu."

Yanakuhusu. Kinga hii huonekana hata watafiti wanapoweka uzito wa mwili pembeni.

"Anayefanya mazoezi hawezi kuugua."

Hatari hupungua kwa takriban moja ya tano, haifutiki. Tena hiyo ni kwa koloni. Kwa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, ushahidi ni dhaifu. Ninaumia ninapoona mtu mwenye afya ya kuonekana, mkimbiaji kabisa, anapata damu kwenye choo na kumeza dawa za bawasiri miezi mitatu. Chanzo cha damu hiyo kichunguzwe, hata kama jana ulikimbia kilomita kumi.

"Mgonjwa wa kansa apumzike tu."

Mama anarudi nyumbani baada ya dripu ya mwisho ya kemo, dawa za kuua seli za saratani, na watoto wanamnyang'anya hata ufagio. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mwaka 2025 yalitoka matokeo ya jaribio la CHALLENGE, lililofanywa zaidi Kanada na Australia kwa wagonjwa 889 wa saratani ya koloni waliokwisha kupasuliwa na kupewa kemo. Nusu walipewa vijitabu vya afya. Nusu ya pili walipewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka mitatu. Kila mmoja alichagua yake, na kwa wengi lengo lingetimia kwa kutembea haraka dakika 45 hivi, mara tatu au nne kwa wiki.

Baada ya miaka mitano, asilimia 80.3 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila saratani, dhidi ya 73.9 ya wenzao. Baada ya miaka minane waliokuwa hai ni 90.3 dhidi ya 83.2. Kuna dawa zinazosifiwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Walioumia misuli na viungo walikuwa wengi zaidi upande wa mazoezi, asilimia 18.5 dhidi ya 11.5. Kwa hiyo mama aanze baada ya kuongea na daktari wake: wiki ya kwanza hadi kwa jirani na kurudi, wiki inayofuata hadi barabarani, na mtoto mmoja aende naye.