Kwa nini hoteli zilizokuwa hospitali au jela hazikosi visa vya mizuka?

Je, wajua kwa nini jengo lililowahi kuwa hospitali au jela, likigeuzwa hoteli, aghalabu husimuliwa visa vya mizuka? Chukua Hoteli ya Crescent, iliyoko Eureka Springs katika jimbo la Arkansas, Marekani. Ilifunguliwa mwaka 1886, baadaye ikawa pia chuo cha wasichana, kisha mwaka 1937 ikaangukia mikononi mwa Norman Baker, mtangazaji wa redio asiyesomea udaktari, ambaye aliifanya hospitali na kuwaahidi wagonjwa wa saratani kwamba angewaponya bila upasuaji. Watu waliokata tamaa walimlipa, na dawa yake haikuwa tiba. Mwaka 1940 alipatikana na hatia ya kutumia posta kulaghai watu, akafungwa miaka 4. Huo ndio msiba halisi wa jengo hilo, na hauhitaji mzuka ili uhuzunishe.

Leo wageni hutembezwa hadi chumba cha chini kilichohifadhiwa maiti enzi hizo. Aliyeyasikia hayo jioni, mlango ukilia usiku, hafikirii bawaba, humfikiria mgonjwa.

Usingizi nao unachangia, na hapa ndipo penye maelezo yanayonishawishi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walieleza mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza ugenini nusu ya kushoto ya ubongo hailali fofofo kama ile ya kulia, bali hubaki macho kiasi, hivyo sauti ndogo huweza kumgutusha mtu. Hotelini, wageni wengi wamo katika usiku huohuo. Wengine hukabwa na jinamizi: akili huamka ilhali misuli ingali imelegea kama katika ndoto, na mabaki ya ndoto huonekana chumbani kama mtu aliyesimama kando ya kitanda. Anayesimulia hivyo asiitwe mwongo, kwa maana alichokiona alikiona.

Sura ya huyo anayeonekana, hata hivyo, hutoka katika historia ambayo mgeni amekwisha kuisikia. Crescent husimuliwa muuguzi anayesukuma kitanda cha magurudumu. Ottawa, Kanada, katika jela ya zamani iliyogeuzwa hosteli, anayetajwa ni Patrick James Whelan, mfungwa aliyenyongwa hapo mwaka 1869.