Sanaa huru ya Dar: vyombo ni vya nani?

Kazi yangu ni kuratibu maonyesho. Napokea kazi za wachoraji na wachongaji, natafuta ukuta, naandika vibandiko, nabishana bei na mwenye kazi, na siku ya ufunguzi nasimama mlangoni kupokea watu. Wageni wa jiji huniuliza wasanii huru wa Dar es Salaam wako wapi. Badala ya kuwaelekeza mtaa, mimi huwarudishia swali: vyombo ni vya nani? Ukishajua nani amenunua rangi, nani mwenye gitaa, nani analipa kodi ya chumba, umeshaelewa mengi kuhusu kazi unayokwenda kuitazama.

Swali lenyewe nimeliazima kwenye muziki wa dansi. Enzi zile bendi ilikuwa na "mwenye vyombo", na mara nyingi hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Alikuwa mfanyabiashara aliyenunua magitaa, ngoma na spika, kisha akatafuta watu wa kuvipiga. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu kule Kongo, alikuja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akahamia Super Matimila. Matimila ni jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Yaani Dokta Remmy, mtu aliyewaimbia wanyonge waziwazi kuliko karibu wote wa wakati wake, alipanda jukwaani chini ya jina la tajiri. Simlaumu yeyote. Bila tajiri yule pengine tusingemsikia vile tulivyomsikia. Ila uhuru wa msanii wa dansi uliishia pale mwenye mali alipoamua kufunga stoo.

Sasa mwangalie Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru kuja Dar kutafuta maisha kama wengine, akafanya vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Vyombo vyake vilikuwa vipande vya silingi bodi, brashi na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Vyote hivyo vinauzwa dukani na mtu wa kipato cha kawaida anavimudu. Soko lake lilikuwa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wazungu wa mashirika na balozi walikuwa wanafanya manunuzi.

Ukitaka kuelewa picha ya Tingatinga, ishike mkononi uielekeze dirishani, mwanga uipige kwa ubavu. Utaona matabaka. Rangi ya baiskeli inachelewa kukauka, na ukiweka rangi juu ya nyingine ikiwa mbichi zinachafuana. Kwa hiyo mchoraji anapaka kwanza sehemu ya nyuma, tuseme bluu inayopaukia chini, anaiweka pembeni. Ikikauka anamweka chui. Chui akikauka, ndipo madoa yanapofuata, moja moja, kila doa likiwa na kinundu unachoweza kukipapasa kwa kidole. Ule mtindo wa rangi bapa na mistari safi, ambao vitabu vinaueleza kama "jicho la Kiafrika", kwa sehemu kubwa umeletwa na kopo la rangi. Hata ukubwa wa picha una sababu. Soko lilipohamia kwa watalii, vibao vilipungua na kazi nyingi zikahamia kwenye kitambaa, maana mteja anataka kitu cha kuingia kwenye begi.

Tingatinga alipigwa risasi na polisi mwaka 1972, wakidhani ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, hawakutawanyika, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika. Wenzangu wa fani hii wana kidharau fulani kwa Tingatinga, eti ni mapambo ya watalii. Sikubaliani nao. Nionyeshe kundi lingine la wachoraji katika jiji hili ambalo limelisha familia kwa zaidi ya nusu karne bila kuandika ombi la ufadhili. Kurudiarudia wanarudia, hilo kweli, na twiga wengine ninaoletewa siwezi kuwatundika. Lakini brashi ni zao.

Kuna upande mwingine wa shilingi. Mwaka huohuo wa 1972, Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, shirika la watawa wa Kikatoliki, alianzisha Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar. George Lilanga, Mmakonde aliyekuwa amejifunza kuchonga, aliingia pale kama mlinzi. Akaonekana anachora, akapewa nafasi, akaanza kufanya batiki na picha za kuchapa kwa bamba la chuma, halafu akaja kwenye zile rangi kali za mashetani wenye masikio makubwa na vidole vichache ambazo zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Mashine ya kuchapa picha si kitu mlinzi anaweza kununua. Hapo taasisi ilimpa Lilanga kilichomzidi uwezo, na mimi siku zote namtaja nikisikia vijana wakisema msanii wa kweli hapaswi kutegemea mtu.

Leo nafasi ya aina hiyo inashikwa zaidi na Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo. Studio zake nyingi ni makontena ya meli. Kinachonivutia pale ni ujirani. Mchoraji anapakana ukuta na mtu wa vyuma chakavu, ng'ambo ya uwanja kuna wacheza dansi wanafanya mazoezi, na wote wanagombania kivuli, kwa sababu kontena saa nane mchana wa Februari halikaliki. Mtoto wa Kigoma anajifunza kubana kanvasi kutoka kwa mgeni wa Kinshasa. Hilo huwezi kulipanga kwenye semina.

Gharama yake ni kalenda ya wafadhili. Fedha za balozi na mashirika zina mwanzo, mwisho na mada. Ukikaa kwenye kazi hii unaona mawimbi: msimu wa jinsia, msimu wa tabianchi, na ghafla kila mchoraji ana mti uliokauka. Wapo wanaofanya vizuri ndani ya mada. Wengine nawajua wanachora picha mbili, moja ya ripoti na moja yao.

Walioruka kizingiti hiki kabisa ni watu wa singeli. Kabla yao kulikuwa na mchiriku, ngoma pamoja na kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye spika mbovu. Kinanda cha bei ya chini kilimaliza kazi ya tajiri mwenye magitaa. Singeli ikaja na kompyuta. Pale Mburahati, studio ya Sisso ilichukua vipande vya taarabu na mchiriku, ikavizungusha na kuvikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, MC akamwaga mistari juu yake, na vigodoro, zile sherehe za mitaani za usiku kucha, vya Manzese na Tandale vikawa ndiyo soko. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa kazi za studio ile, na majukwaa ya Ulaya yakafunguka. Yote hayo kwa chumba kimoja na mashine ya kawaida.

Ila hata huku swali langu halijafa. MC analipia muda wa studio, anarekodi, anaondoka na wimbo uliokamilika kwenye simu. Biti na sauti zilizotenganishwa zinabaki kwenye kompyuta ya mwenye studio. Mtangazaji wa biashara akiutaka wimbo bila maneno, anampigia mwenye studio. Nikikaa na chipukizi siku hizi, yale tunayojadili ni makavu mno: faili zote zihamie kwenye flashi yake siku hiyohiyo ya kurekodi, iandikwe karatasi ya nani ana asilimia ngapi, wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya MC na mwenye studio. Kwa wachoraji ni hivyohivyo. Kabla kazi haijaingia kwangu naandika hati: ukubwa, bei, makato ya nyumba ya maonyesho, tarehe ya kurudisha, na nani analipa ikipata ukungu, maana kwa unyevu wa Dar kanvasi iliyoegeshwa ukutani masika yote itapata tu.