Saruji na kuta za nyumba za kale

Wenye nyumba wengi Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar huamini kwamba ukuta wa kale unaomeguka ukipigwa lipu ya saruji utadumu zaidi. Si ajabu: saruji ni ngumu, na nyumba mpya karibu zote hujengwa kwayo.

Ila kuta hizi nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi yake. Chokaa ya zamani inalegea, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani vinaoza taratibu bila mtu kujua.

Kagua mwenyewe. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeshaachana na jiwe. Ikwaruze kwa msumari: ya chokaa huachia unga kirahisi, ya saruji hukaidi. Tazama pia juu kidogo ya pale saruji ilipoishia, maana unyevu na unga mweupe wa chumvi hupenda kuibukia hapo. Na usiibandue yote kwa pupa, huweza kuondoka na jiwe. Anza na kipande kidogo, ukiwa na fundi aliyezoea chokaa.