Kuhama kazi mara kwa mara: yasemwayo na ukweli wake

Dhana: Aliyefanya kazi nne kwa miaka mitano hatulii.
Kauli hii inawaumiza watu wasio na kosa. Tanzania vijana wengi wanaajiriwa kwa mikataba ya miradi. Fedha za mfadhili zikiisha, na ajira imeisha. Usizifiche kazi hizo kwenye wasifu wako, maana pengo huzua maswali mengi kuliko kazi fupi. Andika sababu kwa ufupi: "mkataba wa miezi 9, mradi ulifungwa." Zinazofanana ziweke chini ya kichwa kimoja, mfano "Uhasibu wa miradi, 2021–2024", ili mwajiri aone ujuzi ukikua.

Dhana: Ukihama, michango ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) inaanza upya.
Hapana. Namba ya uanachama ni ileile na miezi hujumlishwa. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, hata ikitoka kwa waajiri saba. Hatari iko kwa mwajiri anayekata mshahara wako halafu hapeleki: slipu inaonyesha makato, taarifa ya michango haina kitu. Chukua taarifa yako ungali kazini, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Ukishaondoka, kufuatilia miezi iliyoruka ni nenda rudi isiyoisha, na wengi hukata tamaa na jasho lao likapotea. Mwenye kuhama mara nyingi ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi hapa.

Dhana: Ukipata pazuri, ondoka kesho.
Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28. Akiwa bado kwenye mwezi wa kwanza, siku 7. Na usitoke bila cheti cha utumishi, yaani hati ya mwajiri inayothibitisha kwamba ulimfanyia kazi. Ni haki yako kisheria, hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Dhana: Kila anayeacha kazi analipwa kiinua mgongo.
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza miezi 12, siyo kwa utovu wa nidhamu: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ukomo miaka 10. Ukiacha mwenyewe, soma mkataba wako kwanza.

Dhana: Hatua inayofuata ni mshahara mkubwa zaidi.
Soma matangazo ya kazi unayoitaka baada ya miaka mitano, uone sifa gani huna. Kazi itakayokupa sifa hiyo ndiyo ya kuombwa sasa.